Nilijifunza kuogelea kwenye birika, nikashindana lamboni mbele ya mkwe: ukweli wa siku ile Kibondo

Wakuu, habari za humu. Wanaostahili shikamoo waipokee, wa umri wangu tupeane mkono.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Kinachonitoa leo ni mjukuu wangu Neema, yuko Dar, anajiandaa na triathlon. Ile ya kuogelea, halafu baiskeli, halafu mbio. Juzi kanipigia simu analalamika. Kwenye swimming pool hakuna wa kumshika, lakini wakienda open water, yaani baharini, anachanganyikiwa kabisa.

"Ila babu, wewe haya huwezi kuyajua."

Nilicheka mpaka bibi yake akaacha kazi jikoni akaja kuniangalia kama niko sawa.

Nayajua, wakuu. Yalinikuta katikati ya miaka ya sabini na nusura yanikoseshe mke. Nitasema yote, hata pale yanaponivua nguo. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kasulu, kijana, nywele nimezichana katikati. Kulikuwa na mwalimu mwenzangu anaitwa Generoza, kwao Kibondo, kijiji chenye lambo kubwa la kunyweshea ng'ombe. Tulishakubaliana mimi na yeye. Kilichobaki ni baba yake, Mzee Damiano.

Wasio wa kwetu niwaeleze jambo moja, maana bila hilo hamtanielewa.

Muha akisalimia, anasalimia. Unainama kidogo, unapiga makofi taratibu, unauliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, za maharage. Mwenzako anajibu, naye anapiga makofi, mnaanza upya. Kama uko juu ya baiskeli, unashuka. Kumpita mzee huku umekaa kwenye tandiko ni tusi.

Basi siku ya kwenda kujitambulisha, baiskeli yangu ya Kichina ikakatika breki kwenye mteremko wa mwisho kabla ya kijiji.

Mbele yangu akatokea mzee na jembe begani. Akaniona nimevaa vizuri, akaweka jembe chini, akainama na kuanza kupiga makofi.

"Mwakeye!"

Nikampita kama jiwe la kombeo. Hata mkono sikuinua, yote miwili ilikuwa imeng'ang'ania usukani, na mdomo ulikuwa unasali.

Nikasimamishwa na shamba la migomba. Nikajifuta, nikafika nyumbani kwao, nikakaribishwa uji. Baada ya muda mlango ukafunguliwa, akaingia mwenye nyumba na jembe lake begani.

Ndiye.

Nikamweleza habari ya breki. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Breki zilikufa. Na mdomo nao ulikufa?"

Nikaweka uji chini.

"Kijana anayenipita njiani bila salamu, siku nikifa ataupita hata msiba wangu. Rudi Kasulu, mwalimu."

Nikarudi. Generoza alilia wiki nzima, na mimi nililia kiume, yaani chooni.

Miezi kadhaa baadaye Afisa Utamaduni akatangaza mashindano ya watumishi, Kasulu dhidi ya Kibondo. Michezo ilikuwa mitatu, kuogelea, baiskeli na mbio, lakini zawadi aliyopata ilikuwa redio moja tu. Akaamua kuiunganisha michezo yote iwe mmoja. Hatukujua kama kitu hicho kina jina. Mto Malagarasi aliukwepa kwa sababu ya mamba, akachagua lambo. Lambo la kijijini kwa kina Generoza!

Generoza akaniambia, "Baba atakuwepo, kijiji kizima kitakuwepo. Shinda, halafu nenda kamsalimie mbele ya watu wote na redio yako mkononi. Hawezi kukufukuza hadharani."

Mpango ulikuwa mzuri. Tatizo, sikujua kuogelea.

Kulikuwa na misheni moja yenye birika la saruji la kumwagilia bustani, refu kiasi, maji maangavu mpaka unaona sakafu. Bruda aliyelitunza akaniruhusu kufanya training Jumapili baada ya misa, mradi nisikanyage kabichi zake. Mwalimu wangu alikuwa bwana mifugo wa wilaya, Mazigo, Mkerewe aliyekulia ziwani. Alinifundisha kupumua, kupiga mikono, na kulala chali nikichoka.

Wakuu, nikawa hatari! Sakafuni mwa birika kulikuwa na ufa mrefu, nikawa naufuata huo kama barabara. Mikono ishirini, ukuta. Najigeuza, nasukuma ukuta kwa miguu, mikono ishirini tena, ukuta. Watoto wa misheni walikuwa wanakuja kunitazama.

Mazigo peke yake hakufurahi.

"Mwalimu, wewe huogelei. Wewe unatoka ukutani kwenda ukutani. Lamboni ukuta utaukuta wapi?"

"Maji ni maji, bwana Mazigo."

"Haya," akasema, akawasha sigara yake. Alinisihi mara mbili twende tukajaribu kwenye lambo lolote, nikakataa. Nilipenda birika langu, na niseme ukweli, nilipenda pia kutazamwa.

Siku ikafika. Tulipanda lori na baiskeli zetu juu ya magunia, vumbi tupu mpaka Kibondo. Tulikuwa kumi na mmoja, kila mtu na kaptula yake ya kaki. Kazi ya kwanza ilikuwa kulivuka lambo, kutoka wanakonywea ng'ombe mpaka kwenye tuta upande wa pili, ambako baiskeli zilikuwa zinatusubiri. Watazamaji walijaa ukingo wa kushoto, pale ambapo akina mama walikuwa wanaloweka mihogo. Nikamwona Mzee Damiano kavaa koti, Generoza pembeni yake.

Filimbi ikalia.

Jambo la kwanza, maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Nikafungua macho chini, sioni ufa, sioni sakafu, sioni hata mkono wangu mwenyewe. Jambo la pili, kulikuwa na watu. Birikani nilikuwa peke yangu. Hapa karani mmoja wa Kibondo alinipiga teke la shavu na wala hakugeuka.

Nikasema moyoni, tulia, hesabu. Moja, mbili, tatu. Nikafumba macho nikahesabu mpaka ishirini, kama nilivyozoea.

Ilipofika ishirini, mwili ukafanya ulichofundishwa.

Nikajigeuza. Nikakunja miguu nisukume ukuta.

Hakukuwa na ukuta. Nikasukuma maji matupu, kichwa kikazama, nikameza funda la chai ile. Nikaibuka, nikakuta tuta liko kulia na watu wako mbele yangu karibu kabisa. Kumbe muda wote nilikuwa nakwenda kombo. Nikazama tena, miguu nimeikunja kama mtoto tumboni. Nikaibuka na mikono juu, ikakutana hewani. Pa! Nikazama. Nikaibuka. Pa! Pa!

Nilikuwa nakufa, wakuu. Sisemi kwa utani, niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Na pale ukingoni nikamwona Mzee Damiano anainama. Anapiga makofi!

"Mwakeye, mwalimu!"

Pa! nikaibuka.

"Habari za Kasulu?"

Pa! Pa!

"Na wazazi, hawajambo?"

Nikafungua mdomo niombe msaada, yakaingia maji, ikatoka sauti kama "eeeh". Mzee akaridhika na jibu. Akaniuliza na mvua. Watu wote ukingoni nao wakaanza kupiga makofi, kijiji kizima kinanisalimia, mimi naaga dunia.

Aliyeniokoa ni Mazigo, maneno yake yalinijia ghafla. Ukichoka, lala chali. Nikalala chali, nikatazama mawingu, nikapiga miguu kidogokidogo mpaka kichwa changu kikagonga tuta. Nilikuwa wa mwisho kutoka majini. Baiskeli na mbio vikaniinua kidogo, nikamaliza wa tisa. Redio aliichukua yule karani wa teke.

Nilikaa chini nyuma ya lori, nimelowa, natapika matope. Nilijua Generoza ndiyo basi tena.

Mara nikaona koti. Mzee Damiano.

"Nimesalimiwa shambani, msibani, hata mahakamani," akasema. "Mtu wa kuacha mashindano ili anisalimie ndani ya maji, ni wewe wa kwanza. Walete wazee wako."

Nilipaswa kusema ukweli palepale. Sikusema. Nikainama, nikapiga makofi.

Tulifunga ndoa baada ya mavuno ya maharage. Mzee aliisimulia habari ile kwenye harusi, kwenye ubatizo wa kila mtoto wetu, kwa kila mgeni aliyekanyaga kwake. Nilimpenda sana mzee yule, na kila aliposimulia nilijisikia mwizi. Kwenye msiba wake, ambao sikuupita, walisimama watu watatu kuisimulia. Nililia kuliko wanawe. Nusu ilikuwa huzuni na nusu ilikuwa aibu.

Sasa juzi, baada ya simu ya Neema, nikaona niutue mzigo huu. Generoza alikuwa anachambua maharage. Nikamwambia, mama Sesilia, siku ile lamboni sikuwa namsalimia baba. Nilikuwa nazama.

Wala hakuinua kichwa.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Baba aliniuliza, yule anafanya nini? Nikamwambia, anakusalimia, baba."

Wakuu, miaka yote hii! Nikamuuliza kwa uchungu, ina maana uliniacha nizame ili baba yako afurahi?

Akatupa jiwe moja lililokuwa ndani ya maharage.

"Uzame wapi, baba Sesilia? Pale ndipo tulipokuwa tunaloweka mihogo. Maji yalikuwa yanakufika kifuani. Ungesimama tu."

Basi, funzo langu kwa Neema na kwa yeyote anayefanya training humu ni hili. Swimming pool inakuzoeza ukuta na mstari wa chini. Huko nje hakuna vyote viwili, kwa hiyo nenda mapema ukayazoee maji yenyewe, inua kichwa uone unakokwenda, na usimdharau Mkerewe akikueleza habari za maji. Na ukiona unakufa, jaribu kwanza kusimama.

Wataalamu wa kuogelea karibuni mnirekebishe. Na wale mlioolewa au kuoa kwa uongo mdogo wa mtu aliyewapenda, semeni, nisionekane peke yangu.

Mama Sesilia yuko hapa nyuma yangu anasoma. Anasema niongeze kwamba hata lile "eeeh" halikusikika. Aliyemjibu baba yake ni yeye.