Tabasamu Waliloliita Smirk

Nilimwahidi mama kwamba sitamcheka tena anapozungumza. Juzi, katika ofisi moja ya Kisauni, karani alimsikiliza bibi mmoja huku mdomo wake umepinda upande, nikakumbuka darasa letu la Mtopanga, lililonuka chaki na jasho siku mama alipokuja shuleni.

“Shikamoo mwalimu. Nimekudza kumuulizia mwanangu,” mama alisema kwa lafudhi yake ya Kigiriama.

“Ahaa, umekudza! Karibu ukae, mama,” mwalimu alijibu, mdomo umepinda vivyo hivyo.

Nilidhani amependezwa naye, nikacheka kwa fahari. Mama hakunisemesha njia nzima mpaka nilipotoa ile ahadi.

Chuoni nilijifunza kwamba Waingereza huliita tabasamu hilo smirk, yaani la mwenye kudharau. Mwalimu yule sijamsamehe. Nawe ukihisi mdomo wako unapinda hivyo mbele ya mzazi wa mtu, tafadhali uzuie.