Kupima Mwanga Shavuni kwa Shangazi Zaina

Niliondoka Kasongo kwa sababu ya picha moja niliyoiharibu. Mwaka jana nilimpiga baba picha akiwa na kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa. Kipimo cha mwanga kilisoma weupe ule, nikakiamini, nikaifunga lenzi kupita kiasi. Uso ukatoka mweusi tii, macho hayaonekani. Baba akafariki kabla sijarudia. Watu husema aliyefanana naye ni dada yake, shangazi Zaina wa Kabambare. Katika kamera yangu ya filamu zilibaki picha tatu.

Alfajiri nilipanda pikipiki. Mvua ilikuwa imeharibu barabara. Mara kwa mara nilishuka, dereva akasukuma, nami nikaikumbatia kamera ndani ya mfuko wa nailoni. Tulilala katika kijiji kimoja cha njiani.

Kesho yake, saa nane mchana, tukaingia Kabambare. Shangazi alikuwa anaanua mihogo. Hakukataa kupigwa picha, ila alitoa sharti.

"Mupiga picha mumoja alipita hapa, akanifanya mweupe kama unga. Mimi niko mweusi. Unasikia?"

"Nasikia, shangazi."

Tulingoja jua lipungue. Saa kumi nikamkalisha kivulini barazani, nikasogeza kipimo karibu na shavu lake.

"Mwangaza iko inje. Unatafuta nini kwa shavu yangu?"

"Natafuta ile inafika kwako."

Kipimo hakijui rangi ya mtu. Kila kitu hukitaka kiwe kijivu. Kukitii kungempausha. Nikapunguza mwanga hatua moja kwenye lenzi. Picha ya kwanza alikaza uso. Ya pili akacheka. Ya tatu akanitazama tu.

Niliporudi Kasongo niliisafisha filamu siku hiyohiyo. Ile ya tatu ilitoka safi: ngozi nyeusi yenye kung'aa, mikunjo yote, macho mawili. Nikampelekea mama, nikitegemea atalia.

Aliishika muda mrefu. "Sioni baba yako hapa," akasema. "Naona Zaina."

Iliniuma. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa ananisifu. Nilisafiri kutafuta sura ya baba, lakini nilipima mwanga uliomwangukia shangazi, na mwanga ule ulikuwa wake peke yake. Baba sitampata tena. Nikatoa nakala nyingine, nikampa dereva wa pikipiki ampelekee shangazi.