Kuku Mmoja na Wageni wa Mama

Kuku yule nilimpata Kakuma, mwaka wa 2012, kwa kubadilishana na samaki wakavu niliowatoa Kalokol. Mama wa Sudan Kusini niliyezoea kumuuzia ndani ya kambi ya wakimbizi alinichagulia mwenyewe. "Mama yako gonjwa? Chukua hii, mafuta iko mingi," akaniambia huku akimfunga miguu. Nilirudi naye Lodwar nikiwa na moyo mzito, maana nilijua baada ya huyo hakuna mwingine.

Mama yangu aliletwa kwangu kutoka Kaikor baada ya ukame kumaliza mbuzi wake. Alikuja mwembamba akazidi kukonda, mpaka nikimwogesha nilikuwa naogopa kumsugua. Muuza dawa wa mtaani alisema apewe supu kila siku, nguvu zitarudi. Basi kuku huyo alikuwa wa kumwinua mama, nami nikaapa atatosha wiki nzima.

Nilimchemsha mzima kwa maji mengi na chumvi. Supu ya kwanza ilikuwa ya mama. Kidari nilikichambua nyuzinyuzi nikakianika juani, vile yeye mwenyewe alivyonifundisha kuanika nyama ya mbuzi. Mapaja yangeingia kwenye maharagwe, shingo na miguu kwenye mchuzi wa ugali, na mifupa ningeirudisha jikoni mpaka iishe ladha. Friji hatukuwa nayo, kwa hiyo sufuria ilichemshwa asubuhi na jioni isije ikachacha. Joto la Lodwar halina huruma na supu.

Tatizo lilikuwa mama. Kwao mnyama akichinjwa huliwa na waliofika, na kuweka ya kesho ni aibu. Alikaa mlangoni na bakuli lake, na kila aliyepita alimsalimu kwa lugha yetu na kumwita. "Ejok! Ingia, kuna nyama." Jirani yetu, mjane wa Kainuk mwenye wajukuu chungu nzima, alianza kupita mara nyingi kuliko kawaida. Nikitoka uani kuchukua kuni, nikirudi hakuna supu, na wajukuu wanajipangusa midomo.

"Mama, hiyo ni dawa yako," nilimwambia.

"Nyama haifichwi, mwanangu. Wewe ulilelewa na nani?"

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mjane, nikawakasirikia hata mbuzi kwa kufa. Anayegawa ovyo ana zizi nyuma yake. Sisi tulikuwa na kuku, tena amebaki nusu. Nikafunga mlango. Nikamwekea bakuli mapajani, nikaketi mbele yake kama askari jela. Akalitazama, akageuzia uso ukutani. Kesho yake vilevile. Supu nikairudisha kwenye sufuria na kuichemsha tena. Nilikata tamaa kabisa. Nilimwona mama yangu akijiua kwa ubishi, na chakula kiko mbele yake.

Mwishowe nilishindwa. Nikafungua mlango na kumwita mjane kwa sauti ya ugomvi, aje na ukoo wake wote wamalize. Nikatia kila kitu, hata ile nyama kavu, na maharagwe juu yake. Wakaja, wakala. Mama akajiinua akakaa, akataniana na watoto, uso ukachangamka. Nikajisemea, haya, sasa atakula. Nikakomba kilichobaki, nikamshikia bakuli mdomoni.

Alipiga funda moja. Likakaa kinywani muda mrefu, kisha likatoka taratibu pembeni mwa mdomo na kushuka shingoni.

Mjane alikuwa ameshashika kitambaa kabla sijaelewa. Alimpangusa kama mtu aliyezoea kazi hiyo.

"Haishuki, dada," akasema bila kunitazama. "Tangu ile siku ya kwanza haishuki. Hata maji ni kwa shida. Alinikataza nisikwambie. Alisema ukikuta bakuli tupu utapata usingizi."

Mama alinitazama kama mtoto aliyefumaniwa. Nilitaka kumfokea, nilitaka kumkumbatia, nikabaki tu nimeshika bakuli. Watoto walikuwa wakigombania mfupa. Sikujua tena nimpikie nini.