Miguu ya Mama Ilipoacha Kuuma

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, mwalimu wetu alitupa ushauri ambao hadi leo nawapa vijana wanaoniuliza habari za vyuo. Usitazame jina la chuo peke yake, alisema. Uliza utalala wapi, utasomea wapi, utakula wapi, na ukiugua utatibiwa wapi. Kama sehemu zote hizo unazifikia kwa miguu yako, hicho chuo kitakutunza. Akatutajia kimoja huko magharibi mwa nchi, katika mji mdogo, ambako kutoka hosteli hadi maktaba ni mwendo wa dakika nne na soko liko nje tu ya lango.

Nilifika nyumbani Lindi, mtaa wetu wa mabanda jijini Nairobi, nikiwa nimeshaamua. Tulikuwa wawili tu katika chumba chetu, mimi na mama. Nilimkuta akikanda unga wa chapati, nikamweleza. Hakuinua uso.

"Kutembea?" alisema. "Hebu nikuulize. Mimi kila asubuhi natoka hapa na miguu mpaka Kabiro kufulia watu nguo, na jioni narudi na miguu. Hiyo ni sifa? Nimetembea ndio wewe usitembee. Sasa unaniletea chuo cha kutembea!"

"Mama, huko hawatembei kwa kukosa nauli. Wanatembea kwa sababu kila kitu kiko karibu."

"Mimi sijui kutembea kwingine."

Aliendelea kukanda. Baadaye, huku amenipa mgongo, akasema lile lililokuwa moyoni mwake: kuna chuo hapa hapa Nairobi, mbele kidogo ya Kawangware. Ningesoma huko na kulala nyumbani. "Tutakuwa tunaonana kila siku," alisema. Mimi ndiye mtoto wake pekee. Hapo nikaelewa kwamba hatukuwa tunabishana juu ya vyuo.

Sasa nieleze jambo moja kuhusu miguu yake, maana bila hilo hutaelewa yaliyofuata. Kwa miaka mingi, kila jioni mama alikuwa akiloweka miguu katika beseni la maji moto na chumvi, akigumia. Kisha, miezi kadhaa kabla ya hayo mazungumzo yetu, maumivu yakakoma. "Imezoea," alisema. Dada yake anayeishi Kabiro akamcheka: "Sasa wewe ni punda kabisa!" Mama hakujali. Jumapili alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba Mungu ameiponya miguu yake, na kanisa zima likapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote. Beseni tukalihamishia kwenye vyombo.

Kwetu, mtu akipata kazi mpya huipima njia kwanza. Siku ya mapumziko hutembea kutoka nyumbani hadi huko kazini, ili ajue atakuwa akitoka saa ngapi. Mama akasema tukipime chuo cha Nairobi vivyo hivyo. Njia ikiwa ya kuwezekana, nitakiweka chaguo la kwanza. Ikiwa ndefu mno, nitachagua cha magharibi na yeye hatasema neno.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi. Alivaa viatu vyeusi vya kufunika alivyovinunua kwenye mitumba, ili walinzi wa chuo wasitudharau. Tulipopita Kambi Muru kijana mmoja wa bodaboda alimwita, "Mathe, panda nikurushe!"

"Hii safari inataka miguu yangu," mama alijibu bila kusimama.

"Sawa mathe, lakini huyo msichana wako ameshachoka!"

Alisema kweli. Mama alikuwa mbele yangu njia nzima. Tulivuka barabara ya Ngong, tukapita Kabiro, na alikataa hata kukaa kwa dada yake anywe chai. Sikuwa nimewahi kumwona akitembea kwa furaha namna ile. Kila tulipofika kona alinionyesha: hapa matope yakizidi pita juu, hapa asubuhi kuna watu wengi, hutaogopa. Alikuwa akinipangia miaka minne ya kurudi nyumbani.

Tulipofika langoni alimwambia mlinzi, "Nimeleta mwanafunzi," na mlinzi akacheka akaturuhusu tukae kwenye benchi la wageni.

"Umeona?" mama alisema. "Mwendo wa saa mbili na kitu. Na mimi sijachoka hata kidogo."

Ndipo nilipoona soksi yake ya mguu wa kushoto imelowa juu ya kiatu. Nilidhani ni maji ya mtaro. Nilipomvua kiatu nilikuta msumari umechomoza kutoka kwenye soli, umeingia unyayoni. Ndani ya kiatu damu ilikuwa imejaa, nyingine mbichi, nyingine imeshaganda. Mama aliuinamia ule mguu akautazama kama mguu wa mtu mwingine.

"Sisikii kitu," alisema. Hakuogopa. Alikuwa akishangaa tu, na nadhani alijivunia kidogo.

Hospitalini, daktari ndiye aliyetueleza, nami nakueleza wewe kama alivyotueleza, polepole. Ugonjwa wa sukari ukikaa mwilini muda mrefu bila kutibiwa, huua mishipa ya fahamu, na mara nyingi huanzia miguuni. Mtu anaacha kusikia maumivu akidhani amepona. Anaweza kukanyaga msumari akatembea nao mji mzima. Kwa hiyo mzazi wako akikuambia miguu iliyokuwa ikimsumbua imeacha kuuma yenyewe, usishangilie kwanza. Mpeleke apimwe. Hakuna wa kulaumiwa kwa kutojua, na bado hujachelewa.

Sisi tulikuwa tumechelewa. Kidonda kilikataa kupona. Walikata vidole viwili, na baada ya wiki chache wakakata mguu chini ya goti.

Siku moja wodini aliniuliza nilichagua chuo gani. Nilimwambia cha hapa, ili nimtunze.

"Kabadilishe."

"Na nani atakaa na wewe?"

"Dada yangu yuko. Ukisoma hapa utaitembea ile njia kila siku, na mimi nitakuwa nimelala nikihesabu kila hatua. Sitaweza. Nenda mahali kila kitu kiko karibu."

Muda wa kubadilisha ulikuwa haujaisha. Nilikwenda saiba, kibanda cha intaneti, na kijana wa pale akanitafutia ukurasa. "Sistee, una uhakika? Nikibonyeza imeenda."

"Bonyeza," nilisema, nikageuza uso ukutani.

Mama alihamia kwa dada yake Kabiro, kwa sababu vichochoro vya Lindi havipitishi kiti cha magurudumu. Mama mkubwa alikuwa akishinda sokoni. Kila nilipopiga simu na kumuuliza mama amefika wapi leo, alikuwa akijibu, "Mlangoni." Alilisema kama mzaha. Nilipokuwa mwaka wa pili nilianza kulikwepa swali hilo.

Mwaka huo huo watu wa kanisa lao walimleta kunitembelea. Nilishika kiti nianze kumsukuma, naye akaniondoa mikono. Aliyashika magurudumu mwenyewe. Njia za chuo ni laini, na kwenye ngazi kuna miteremko. Tulikwenda maktaba, akafika hadi ndani. Tulikwenda bwaloni.

"Na kule?"

"Kliniki."

"Twende."

"Mama, mikono itakuuma."

"Inauma," alisema akicheka, jasho likimtoka. "Inauma vizuri."

Wanafunzi walimsalimu, "Sasa, mathe!" naye akawajibu "Poa!" kama msichana. Kwa siku tatu nilipotoka darasani nilikuwa nikimtafuta, sijui atakuwa wapi. Mara yuko sokoni akijadiliana bei ya nyanya, mara yuko chini ya mti nje ya hosteli nyingine kabisa, akiongea na watu nisiowajua. Siku ya tatu aliniuliza, bila kunitazama, kama mgeni anaruhusiwa kukaa zaidi. Nilimwambia haruhusiwi.

Nilimrudisha Kabiro mimi mwenyewe. Mlango wa nje wa ploti, ua wa vyumba vya kupanga anamoishi dada yake, una kizingiti cha chuma kinachofika karibu na goti, na kiti hakivuki hadi watu wawili wakibebe. Nilimwomba jirani anisaidie. Wakati tunainama kukiinua, mama aliondoa mikono yake kwenye magurudumu, akaikunja mapajani, akangoja.