Siku Niliyoiogesha Trekta ya Baba

Wenzangu mliokulia bonde la Lambwe, nyinyi mnaijua harufu ya oili nzito ya gia ikichanganyika na udongo mweusi. Trekta ikinguruma upande ule, sisi tuliacha hata uji. Watoto wa siku hizi wakiiona wanasimama mbele yake wanapigwa picha, halafu wanafuta viatu.

Baba yangu alikuwa na moja, kuukuu, rangi ya buluu imebaki kwenye tangi tu. Oili yake ilikuwa na kazi mbili: kulainisha gia na kuinua plau. Kila Jumamosi aliiegesha mahali tambarare, akashusha ile mikono ya nyuma inayobeba plau mpaka chini, akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Mikono ikiwa juu, oili imepanda nayo, kijiti kitakudanganya. "Pima ikiwa imepumzika," alikuwa akisema. "Hata mtu humuulizi habari za nyumbani akiwa amebeba gunia."

Sasa mwaka mmoja mawingu yakaanza kujazana juu ya vilima vya Gwasi. Baba akasema kesho tunaanza na shamba la Dani, ndivyo tunavyomwita nyanya, mama yake Baba. Na ilikuwa lazima iwe hivyo. Kwetu mbegu inafuata wakubwa. Mama wa boma asipopanda, hakuna mwana wala mke wa mwana atakayethubutu kuangusha hata punje. Boma zima lilikuwa linamngoja Dani, na Dani alikuwa anaingoja trekta.

Mimi na kiherehere changu nikaona aibu: trekta iende kwa Dani na matope yale? Nikachota maji ndoo nne. Nikaisugua kwa gunzi la mahindi, nikaimwagia juu kabisa, pale fimbo ya gia inapotokea, mahali raba yake ya kuziba ilikuwa imepasuka. Iling'aa! Nikalala na fahari yangu.

Asubuhi ikafika shambani vizuri. Plau ikashuka, ikakata mstari mmoja, ikagoma kupanda. Baba akavuta liva ya kuinulia, mashine ikalia kama ng'ombe anayezaa, plau ikabaki ardhini kama jino. Wake za ami zangu wamesimama pembeni na mbegu, wanatazama mbingu.

Baba mdogo akaanza. "Ni yule jirani wa ng'ambo ya mto! Jana alipita hapa akaisalimu trekta. Nani anasalimu chuma?"

"Nyamaza," Dani akamwambia. "Wewe mbona unaisalimu busaa kabla hujainywa?"

Baba akachomoa kijiti. Oili ilikuwa nyeupe-nyeupe, kama chai ya maziwa. "Kuna maji humu," akasema polepole. Baba mdogo akaokota rungu, akaanza kuelekea mtoni.

Lakini ningemwachaje mtu apigwe kwa ndoo zangu? Nikapiga kelele, "Baba, ni mimi! Niliiogesha!"

Kisha Dani akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Baba hakunichapa. Alinipa spana. "Aliyeingiza maji ndiye atayatoa."

Nikalala chali chini ya trekta, nikafungua ile nati kubwa ya kutolea oili, oili ikanimwagikia mpaka kwapani. Makarai kwa makarai. Na nani akaja na debe? Yule yule jirani! Alitaka oili chafu apake nguzo za ua wake zisiliwe na mchwa. Baba mdogo akaficha rungu nyuma ya mgongo, akamsalimu kwa adabu nyingi sana.

Tukaisuuza kwa dizeli, tukaiacha ichuruzike mpaka tone la mwisho. Baba akaenda akaleta madumu ya oili mpya aliyoyaficha chini ya kitanda, tukaimimina kupitia leso safi ya Dani ili takataka isiingie. Pale raba ilipopasuka tukafunga kipande cha tyubu ya baiskeli. Mikono chini, kijiti ndani, kijiti nje: imefika kwenye alama.

"Panda," Baba akaniambia. "Vuta wewe."

Nikavuta. Plau ikatetemeka, ikapanda taratibu, udongo ukidondoka. Wanawake wakapiga vigelegele, Dani akaingia na kibuyu chake cha mbegu. Mvua iliponyesha siku ya tatu, hakuna nyumba bomani iliyokuwa haijapanda.

Siku hizi kila mwana ana kipande chake, anapanda akijisikia, na mvua nayo inakuja ikijisikia. Ile foleni ya wanawake pembeni ya shamba, wanaomngoja mtu mmoja mzee, naikosa sana. Trekta ile iko Kosele kwa mjukuu wangu Awino, fundi wa kweli, ingawa anajifunza kwa video za simu. Namuuliza, "Hiyo simu imewahi kulala chali ikamwagikiwa oili?" Ananijibu, "Dani, simu iko na akili, ndiyo maana imekataa."

Nacheka tu. Maana msimu huu alikuwa na wateja wanampigia tangu alfajiri, na akaileta plau kwangu kwanza, akanilimia. Akazima injini, akaegemea tairi.

"Dani, wananingoja huko. Lakini ingia wewe kwanza na mbegu."

Nikavua viatu, nikaingia.