Jino Lililokuwa Chini ya Kiatu Changu

Dereva niliyemwonea wivu kwa miaka kumi na mmoja tulimzika kijijini Ihanja Jumamosi iliyopita. Homa ilimlaza siku nne, siku ya tano mkewe akanipigia simu. Wasomaji wa siku nyingi wanamfahamu, kwani ndiye niliyemwita "mwenzangu" kila nilipoandika humu safuni kuhusu meno ya papa wa kale. Neno hilo lilikuwa zito kwangu. Mara nyingi kalamu ilitaka kuandika "mpinzani wangu". Ametangulia wakati shule moja ya sekondari hapa mjini imeyatengea meno yetu kabati la kioo, na mwalimu amenikabidhi kazi ya kuandika vibandiko: jino gani, limetoka wapi, nani aliliona. Hilo la mwisho ndilo lililoninyima raha.

Tulijuana alipoingia kibandani kwangu Utemini, ninakotengeneza mizani, akiwa ametoka kupeleka mafuta ya alizeti Lindi. Aliweka mezani kitu cheusi cha pembe tatu, kinang'aa, akataka nimpimie. Mtu wa mkoa wetu akiokota kinachong'aa huwaza dhahabu kwanza. Nikamwambia si dhahabu. Ilinichukua miezi miwili ya vitabu vya kuazima kujua kwamba ni kisukuku, jino la papa wa enzi ambazo bahari ilifunika sehemu ile ya nchi. Papa hana mfupa mgumu, mwili wake huoza wote. Meno ndiyo hubaki, nayo hung'oka na mengine kuota maisha yake yote. Nilipomweleza, akasema papa ana bahati kuliko mama mkwe wake. Sikucheka. Nilikuwa nikijiuliza kwa nini kitu kama kile kiokotwe na mtu asiyekijua, wakati mimi ninayesoma nimekaa Utemini nakaza springi za mizani.

Msimu uliofuata nilipanda lori lake hadi Lindi. Tulipiga hodi ofisi ya kijiji, tukaruhusiwa, tukashuka kwenye korongo alikookota lile jino. Mimi nilikuwa na chekeche la waya, vigingi, kamba na daftari. Niligawa mchanga katika miraba ya mita moja moja na kuupa kila mraba namba. Yeye alibeba ungo wa mkewe. Alipepeta mchanga kama mama zetu wanavyopepeta uwele, akiugonga ungo ukingoni mpaka vizito vijitenge na vyepesi. Kufika saa sita mchana alikuwa na meno kumi na tisa. Mimi nilikuwa na matatu.

"Fundi," akaniambia, "unapima korongo kama unagawa viwanja. Papa hakuacha hati."

Alasiri alikuja kusimama kando ya kamba yangu. Akanyoosha kidole. "Hebu sogeza mguu. Chini ya kiatu chako kuna kitu."

Lilikuwa jino pana kama kiganja, kingo zake bado zina meno madogo kama ya msumeno. Nililiinua mimi. Kabla hatujaondoka, tumekaa kwenye ngazi ya lori, niliandika daftarini: "Mraba wa saba. Nimeliona mwenyewe." Alikuwa begani kwangu, anatazama mkono unavyokwenda. Kisha akaenda kuwasha lori. Nilijiridhisha kwamba hasomi haraka.

Kazi nyingi nchini huandikwa hivyo. Mama huwaonyesha wachimbaji ni wapi majani hayakauki kiangazi. Kisima kikitoa maji, ripoti hubeba jina la mwenye mashine. Mkulima huchagua mbegu ya alizeti mwaka hadi mwaka. Anayekuja kuihesabu ndiye hupigiwa makofi. Sisi tuliojisomesha wenyewe hulalamika kuliko wote kwamba wenye vyeti hutupora. Nimelalamika humu zaidi ya mara moja. Nyani haoni kundule: sikuwahi kujiuliza mimi ni nani kwa asiyeshika kalamu.

Siku ya tatu baada ya mazishi, mjane aliniita pembeni akiwa na kopo la maziwa ya unga. "Shemeji, hili alisema likufikie. Alisema wewe ndiye mwandishi, yeye anajifunza tu."

Ndani kila jino lilikuwa limefungwa karatasi, na kila karatasi ina herufi kubwa kubwa za mkono mzito: korongo lipi, upande upi, mwezi gani, nani aliliona. Hata utaratibu, kitu pekee nilichoamini ni changu, alikuwa ameuchukua kwangu na kunipita. Nikasikia wivu unapanda, kwa marehemu, mbele ya mjane wake. Chini kabisa palikuwa na kipande kilichovunjika, kidogo kama mbegu ya alizeti, ambacho siku ile korongoni nilikiokota nikakitupa kwa dharau. Karatasi yake ilisema: "Hili aliliona fundi. Mimi nimebeba tu."

Kibandiko cha jino kubwa nilikuwa nimeshakiandika, kwa jina langu. Jana nimekichana. Kipya kina jina lake kamili, ambalo kwa desturi ya safu hii silitaji hapa, na chini yake: "Fundi alibeba tu." Kile kipande kimewekwa kando yake, na karatasi yake vilevile.

Wivu wa kutamani macho yake haujaniisha, wala siutubu. Ninaoutubu ni ule uliowahi kushika kalamu.