Teleksi na Kinu cha Mke wa Bosi

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa Malaba, miaka ile ya sabini, katika ofisi ya kuwatolea watu mizigo forodhani. Nilikaa mbele ya mashine ya teleksi: mimi napiga herufi hapa, mashine nyingine inazichapa Mombasa. Niliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Hata kelele zake nilizipenda.

Kisha teleksi ikaingiwa na wazimu. Naandika habari za magunia ya kahawa, Mombasa wanapata vurugu za herufi zisizosomeka hata kwa miwani. Wakijibu, nami napata vurugu. Bosi akaamua kwamba kasoro ni vidole vyangu.

"Hii mashine inataka mtu mtulivu," akasema. "Ijumaa ikifika na bado iko hivi, naleta binamu yangu wa Nambale. Yeye amesomea typing."

Nilikasirika hadi chai ikanishinda. Nikabadilisha utepe, nikafuta vumbi, nikakaza nyaya. Wapi! Halafu nikagundua kwamba asubuhi na mapema ujumbe unafika safi, na balaa linaanza jirani wakiwasha posho mili, kinu cha kusagia unga. Kinu kikinguruma, taa ya ofisini inafifia na mashine yangu inavuta miguu kama punda mlimani. Fundi aliyeifunga alikuwa ameniambia kwamba mashine mbili zikizungumza lazima ziende mwendo mmoja. Moja ikichelewa, herufi zinageuka. Basi kinu kilikuwa kinanyang'anya mashine yangu umeme. Na kinu kilikuwa cha mke wa bosi. Bosi mwenyewe ndiye aliyempitishia waya dirishani kutoka ofisini, ili asilipie mita ya pili.

Nikamweleza. Akanikata kalima.

"Posho mili na teleksi, wapi na wapi? Usiingize bibi yangu kwa makosa yako."

Haya. Waliosema asiyesikia la mkuu huvunjika guu hawakusema mkuu mwenyewe asiposikia afanywe nini. Hapo nikajazia mwenyewe.

Alhamisi nikapeleka debe la mahindi kule kinuni. "Mama, nisagie saa hii, tafadhali." Nikarudi mbio ofisini.

"Boss, nifundishe. Andika wewe, mimi niangalie vidole."

Akavua koti lake jeusi, akaketi. Kinu kikawaka, taa ikafifia. Akapiga habari za lori la kahawa kwa utulivu wa padri, nami nikiuma midomo nisicheke. Debe langu likaisha, kinu kikanyamaza, na jibu la Mombasa likaingia safi kabisa: HUKO MMELEWA?

Bosi akaitazama taa iliyorudi kung'aa, akautazama waya wa dirishani, akanitazama mimi. Mimi nilikuwa natazama dari.

Kinu kikaanza tena. Akavaa koti, akaenda mwenyewe. Niliwasikia wazi.

"Mama Watoto, simamisha kidogo tu."

"Na hawa watu? Kama uko na haraka, shika hii gunia tumalize."

Kinu kiliponyamaza alirudi mweupe kwa unga, kuanzia koti mpaka nyusi. Binamu hakumtaja tena.

"Sasa tuma," akaniambia kwa upole. "Haraka, kabla hajawasha."

Nikavuta kiti taratibu. Nikapangusa unga aliokuwa amenimwagia juu ya mashine.

"Pole pole, boss," nikamwambia. "Hii mashine inataka mtu mtulivu."